Kiazi cha Kupimia Makombo

Sikuua nguruwe hata mmoja wa Bwana. Naanza na hilo kwa sababu watu wa pande za Dundori waliokuwapo miaka ile bado wanaamini niliwaua wote, na wengine wao ni watu wema, wana wajukuu, na mimi siwezi kupita nyumba hadi nyumba nikiwasahihisha. Magoti yenyewe hayataki. Kalamu ninayo.

Baba yangu alikuwa mkubwa wa nguruwe katika shamba la Mzungu mmoja tuliyemwita Bwana, juu ya Dundori. Baba akiwa kazini, tulikuwa na nyumba ya udongo, kipande cha kulima viazi na kabichi, na ruhusa ya kuwapo. Baba akitoka kazini, vyote vitatu vingetoka naye. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, na familia iliyofukuzwa shambani ilipakiwa kwenye lori na kupelekwa rizavu, yaani ardhi waliyotengewa Waafrika, hata kama huko rizavu haikuwa na mahali pa kufungia mbuzi. Tulikuwa tumewaona wengi wakipita, vyombo vyao juu, kuku wao wamefungwa miguu. Mimi nilikuwa kifungua mimba, na nyuma yangu walikuwapo wadogo wanne, wa mwisho bado ananyonya. Kila mmoja wetu, isipokuwa huyo wa mgongoni, alijua kwamba tulikuwa tunakaa juu ya kazi ya baba.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kazi yangu ilikuwa pipa. Lori la Bwana lililopeleka maziwa Nakuru lilirudi na makombo ya hoteli moja ya Wazungu: maganda, mikate iliyoota ukungu, mchuzi uliogandamana, viazi walivyoshindwa kumaliza, mifupa, na ngozi za bekoni. Nguruwe waliyapenda kuliko chochote. Lakini daktari wa mifugo wa serikali alikuwa amesema wazi, na Bwana akatutafsiria kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kwamba makombo yasipochemka sawasawa ni sumu. Ndani yake mna nyama ya nguruwe, na kama nguruwe yule alikufa na ugonjwa, ugonjwa bado umo, umelala tu, unangoja tumbo la mwenzake. Moto peke yake ndio unaouua. Kila siku nilipewa fungu moja la kuni, na fungu hilo lilitakiwa liishe.

Sasa, kuchemka sawasawa ni kuchemka mpaka lini? Saa ilikuwa moja tu shambani, na ilikuwa mkononi mwa Bwana, inashinda naye kwenye farasi. Hapo ndipo baba alipotumia akili yake, na sitamnyima sifa yake. Alichukua kiazi kibichi kikubwa, na maganda yake, akakitoboa akakifunga kwa waya mrefu. Makombo yakianza kutokota, kiazi kinatumbukizwa mpaka katikati ya pipa, na ncha ya waya inapindwa ukingoni. Ukikivuta ukakichoma kwa kijiti, na kijiti kikatokea upande wa pili bila kubishana nawe, basi pipa limeiva. Kiazi kibichi cha Dundori hakina haraka. Kabla hakijaiva kilikuwa kimenila macho kwa moshi na kuni zote zimekwisha.

Siku moja daktari wa mifugo alikuja kukagua akakiona kiazi kwenye waya. Akauliza, akaelezwa, akacheka, kisha akaandika katika daftari lake. Baba alitembea wiki nzima kifua mbele. Nami nilitembea nyuma yake vilevile, kwa sababu aliniambia mbele ya watu wote wa kambi ya wafanyakazi, "Huyu ndiye mkono wangu wa kulia." Msichana wa umri wangu aliambiwa ana nywele nzuri au anajua kubeba maji. Mimi niliambiwa ni mkono. Hakuna neno la mapenzi lililowahi kunishinda kama hilo.

Huo ndio mwaka ambao homa ilipita nchini. Ilianzia mjini, wakasema, na kwetu ililetwa na dereva wa lori la maziwa, aliyekohoa juu ya makombo, juu ya usukani na juu ya sisi sote bila ubaguzi. Kambi ikaanguka nyumba baada ya nyumba. Mimi nililala siku nne. Mifupa iliniuma kana kwamba nimepigwa na rungu, na mama alikaa kando yangu akichovya kitambaa kwenye maji baridi na kunipangusa shingo. Pipa langu likashikwa na baba.

Jioni ya siku ya pili alirudi mapema, jua bado liko juu ya miti. Nilikuwa na homa, si wazimu, na nililiona jua.

"Umerudi mapema, Baba," nilisema.

"Makombo ya leo ilikuwa mepesi. Kiazi imeiva hata kiko changu haijaisha."

"Kile cha waya?"

"Waya imekatika jana." Alikuwa ameinama anavua viatu. "Nimeokota kingine humo humo ndani. Kiazi ni kiazi."

Kichwa kiligonga lakini nilielewa. "Baba, vya humo ndani vilipikwa hotelini. Vinakuja vimeiva."

Mama aliacha kukamua kitambaa, maji yakadondoka mkekani. Kisha baba akaniambia, bila ukali wowote, "Lala, mama. Homa inakusemesha." Nikalala. Sikumbuki kama niliona hatari au niliona tu kosa la kuchekesha, la mtu mwerevu kudanganywa na ujanja wake mwenyewe. Nadhani niliona la kuchekesha. Kuni mbichi, mvua, mtu mzima peke yake kwenye kazi ya wawili, naye labda homa inaanza kumpanda. Nani asingependa kiazi kilichoiva upesi?

Nilipoamka nilitengeneza waya mpya. Kando ya pipa nilikuta mafungu mawili ya kuni hayajaguswa na la tatu limeguswa nusu. Niliyaona. Sikumwambia mtu, na hapa namkabidhi msomaji fimbo, anichape nayo akipenda: nilijua, na nilinyamaza, kwa sababu aliyekosea alikuwa baba yangu.

Wiki moja na siku kadhaa zikapita. Halafu nguruwe jike mkubwa, yule mwenye sikio lililochanika, akakataa kula. Alilaza pua yake juu ya mguu wangu akabaki hivyo, anapumua kwa shida. Kesho yake walikuwa sita, wamelundikana pembeni wakitetemeka, wengine wanakohoa. Kambi nzima ikasema tumewaambukiza homa yetu, na watu wakacheka, wakauliza ni nani atawapangusa shingo. Siku ya tatu masikio na matumbo yao yakawa mekundu, kisha ya rangi ya zambarau, damu ikatoka puani, wakaanza kufa. Hakuna aliyecheka tena.

Daktari wa mifugo alipanda kutoka Nakuru. Alipasua mmoja, akatazama ndani, akanawa mikono mara tatu. Alisema nguruwe kweli huweza kushika mafua kama watu, lakini mafua hupona, na hii haikuwa mafua. Hii ilikuwa homa ya nguruwe yenyewe, ile isiyo na dawa wala chanjo. Watu haiwadhuru. Nguruwe haimwachi. Kamba ikafungwa getini, beseni la dawa likawekwa chini yake, kila anayetoka akanyage humo. Nguruwe wote, wagonjwa na wazima, wapigwe risasi, wachomwe, wafukiwe.

Nilihesabiwa miongoni mwa wale waliochimba shimo. Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba yule jike alinijua hata siku hiyo, na alikuja upande wangu.

Baada ya hapo daktari alizunguka boma lote akitafuta ngiri wameingia wapi, maana ngiri wa porini hubeba ugonjwa huo bila kuumwa. Ua ulikuwa mzima. Baba alikuwa ameujenga mwenyewe. Akaja kwenye pipa, akauliza habari za makombo. Nyapara, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu vitu na watu, akasema kwamba wiki ile ya homa mafungu ya kuni yalibaki.

Tulipangwa uani, wote wa banda la nguruwe na wake zao. Bwana alikuwa amevua kofia, macho mekundu. Sikupata kumwona hivyo kabla wala baadaye, na nilimhurumia, niseme ukweli.

"Nani nachemsha takataka wiki ile?" aliuliza. "Sema kweli. Yeye natoka shamba yangu leo. Yeye na mizigo yake yote."

Nilimtazama baba. Nilimtazama kwa kumwonea uchungu, ndilo jambo ambalo bado linanikasirisha. Nilikuwa nikiwaza: sasa atasema, na tutapakiwa, na mtoto wa mgongoni ana kikohozi. Nilikuwa nikiwaza nitabeba nini na mama atabeba nini.

Baba akapiga hatua mbele. "Bwana, ni huyu msichana wangu. Mimi wiki hiyo nilikuwa naziba ua huko chini. Nilimwonya, lakini vijana wa siku hizi..." Akatikisa kichwa, kama mzazi aliyechoka.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nimelisikia neno hilo tangu utotoni nikadhani ni habari ya chawa.

Nilimgeukia mama. Alikuwa hatua tano kutoka kwangu, na vidole vyake ndivyo vilivyokuwa vimechovya kile kitambaa siku nne mfululizo. Nilingoja. Mama aliinama akakaza kanga iliyomfunga mtoto mgongoni, akakaa ameinama muda mrefu kuliko fundo lolote linavyohitaji.

"Kweli?" Bwana aliniuliza. "Ni wewe?"

Ningeweza kusema. Daktari wa mifugo alikuwa pale na daftari lake lenye kiazi changu ndani. Lakini kusema kungekuwa kuwapakia wote saba lorini kwa mdomo wangu, na mdomo haukufunguka. Kunyamaza kwangu kukachukuliwa kuwa ndiyo.

"Mzee, wewe bakia," Bwana akasema. "Kuna kazi ya pareto. Huyu toka."

Baba akasema, "Asante, Bwana."

Niliondoka mchana uleule na sanduku la bati. Getini askari wa mifugo alinikanyagisha beseni la dawa, miguu miwili, akaniambia nisubiri ikauke. Nilisubiri. Nilikuwa naangalia njia ya nyumbani, maana nilidhani baba atakuja hata kwa kisingizio, aniletee hata kipande cha kamba cha kufungia sanduku. Alikuwa na miguu. Dawa ilikauka, nikashuka Nakuru.

Bwana alinipa barua, na mimi niliyesoma madarasa mawili nilidhani ni barua ya kazi. Niliionyesha nyumba tatu za Wazungu, na nyumba zote tatu zilinirudishia haraka. Aliyenisomea hatimaye alikuwa karani wa duka la mbegu. Alisoma kimya kwanza, kisha akasema, "Dada, hii ukiitupa utakula. Ukiibeba utakufa njaa. Inasema wewe ni mzembe na kwa ajili yako nguruwe wote wamekufa."

Niliitupa. Nikapata kazi kwa mama mmoja Mwislamu huko Bondeni, mtaa wa palepale Nakuru, watu wao walitoka pwani zamani, na aliponiuliza nimefanya kazi gani nilisema ng'ombe. Mungu anisamehe, lakini kulikuwa na haja gani ya kumtia mama wa watu kichefuchefu? Alinifundisha kupika, akaniita mwanangu. Mara ya kwanza aliponiita hivyo nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji mpaka nikatulia.

Mama yangu alikuja mara moja, baada ya miezi mingi, na gunia la viazi kichwani. Tulikaa kwenye ngazi ya nyuma. Alinipa habari za wadogo zangu mmoja mmoja: huyu ameingia shule, huyu ameota jino. Nilimwacha amalize.

"Baba alisemaje?" niliuliza.

"Anakusalimu."

"Ni hayo tu?"

Aliangalia mikono yake. "Tungeenda wapi, mama? Na watoto wanne. Wewe ulikuwa mmoja, na mzima."

Hesabu hiyo niliijua. Nilikuwa nimeipiga mwenyewe kila siku nikisugua sufuria, na kila siku ilitoka sawa: mmoja kwa sita. Hesabu haikuwa na kosa. Nikamwambia lile nililolibeba tangu uani. "Angekuja usiku wa kuamkia siku ile akaniambia, mwanangu, nimekosea, nibebee. Ningebeba, Mama. Ningesema ni mimi kabla hajaulizwa. Angeniomba tu."

Mama alinitazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni. "Mzazi haombi," alisema.

Akanisaidia kumenya viazi, akaondoka na lori la jioni.

Nilikaa Bondeni mpaka nikapata mchumba, fundi wa reli, mtu wa polepole asiyependa kelele. Nilimweleza yote kabla hajatuma wazee. Alisikiliza, akasema, "Basi baba yako ana deni na wewe," na sikupenda alivyolisema kwa urahisi. Deni hulipwa. Mimi nilichotaka ni baba aseme, mara moja tu, hata kwa kunong'ona, hata tukiwa wawili nyuma ya nyumba: haikuwa wewe. Nilikuwa nimemwandalia msamaha. Niliuweka tayari kama watu wanavyoweka nguo nzuri kwa ajili ya sikukuu.

Wazee wa upande wa mchumba wangu walipanda shambani siku moja ya Jumamosi, mwaka wa mwisho mwisho wa miaka hiyo ya hamsini. Nyapara mpya aliniruhusu kuingia. Mabanda ya nguruwe yalikuwa yamebomolewa, maua ya pareto yamechanua mpaka kwenye ukingo wa shimo. Baba alikuwa amenenepa kidogo. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kunitazama kwa furaha, furaha ya kweli. Nikajisemea, leo.

Niliingia na uji wakati mazungumzo yamechangamka. Mzee mmoja, wa kupenda mizaha, akaniuliza mbele ya wote, "Na sisi tumesikia binti alifanya kazi hapa kwa Mzungu. Aliachaje kazi?"

Nilisimama na kibuyu mkononi. Nilimtazama baba, nikampa nafasi. Hakuna mtu aliyewahi kupewa nafasi kubwa kama ile.

Baba akacheka. "Huyu? Huyu alimaliza nguruwe za Bwana." Akawaeleza habari ya pipa na kiazi na waya, vizuri kabisa, kwa mikono, kama mtu anayesimulia kitu alichokiona. Alieleza jinsi msichana mvivu wa moto alivyookota kiazi kilichopikwa hotelini akadhani ameshinda. Wazee walicheka mpaka wakafuta macho. "Mimi ndiye nilimwombea kwa Bwana," alisema, "asifungwe. Alikuwa mtoto. Lakini sasa amejifunza, hamtapata mpishi kama yeye."

Na alinigeukia anitabasamie, na usoni mwake hamkuwa na kitu kilichofichwa. Niliuchunguza uso ule jinsi nilivyokuwa nikichunguza kiazi. Hakuwa anadanganya. Alikuwa amekwisha kuamini.

"Baba," nilisema, na sauti yangu ilikuwa tulivu, "wiki ile si nilikuwa kitandani? Nilikuwa na homa."

Alifikiri. Alifikiri kwa uaminifu, akikuna kidevu. "Hapana, mama. Homa yako ilikuja nyuma. Nguruwe zilikufa, halafu ukashikwa na homa kwa ajili ya huzuni. Muulize mama yako, yeye ndiye alikuuguza."

Wazee wakamgeukia mama, wakingoja kwa heshima. Alikuwa ameketi karibu na mlango, na alinitazama mimi, machoni, si pembeni, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya uani. Alikumbuka yote. Niliona jinsi alivyokumbuka.

"Ni kweli," mama akasema. "Homa ilikuja nyuma."